Swali la London, Jibu la Sisibo: Bunge la Uingereza na Kazi ya Shamba katika Uasin Gishu

Wazee wa Eldoret bado huuita mji huu Sisibo. Jina limetokana na namba 64 inavyotamkwa kwa Kiingereza, shamba la mlowezi ambapo posta ilifunguliwa mwaka 1910, miaka miwili kabla Gavana Percy Girouard hajaupa mji jina tunaloliandika leo. Ninaanza na posta kwa makusudi. Maswali yaliyoulizwa katika Bunge la Uingereza kuhusu kazi, biashara na ardhi ya Kenya husimuliwa kana kwamba yalianzia na kuishia London, baina ya mbunge aliyesimama na waziri aliyemjibu. Hoja yangu ni kwamba swali lilikuwa na safari ndefu zaidi, na hatima yake iliamuliwa huku kwetu, kwenye meza ya mkuu wa wilaya na kwenye kaunta ya posta.

Utaratibu wenyewe haukuwa mgumu. Mbunge aliwasilisha swali lake kwa maandishi siku kadhaa mapema. Ofisi ya Makoloni, ikiwa haina habari za kutosha, ilimpelekea Gavana telegramu. Gavana aliziuliza idara zake, idara zikamwuliza mkuu wa jimbo, naye akamwuliza mkuu wa wilaya. Huyu wa mwisho, akiwa Uasin Gishu, wilaya ya Eldoret, aliishi katikati ya walowezi: Makaburu waliopanda na magari ya maksai mwaka 1908 wakiongozwa na Van Rensburg, na Waingereza waliowafuata, wakiwemo askari waliogawiwa mashamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Maelezo yake yalipanda ngazi zilezile, yakipigwa pasi kila kituo, mpaka waziri akayasoma kwa dakika moja. Mwulizaji aliweza kuongeza swali dogo la nyongeza, kisha Spika akaita jina la mwingine. Serikali iliyolalamikiwa ndiyo iliyotoa ushahidi. Wahenga wameshasema: kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Tazama kipande, cheti cha kazi cha Mwafrika. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Kilikuwa karatasi iliyokunjwa ndani ya kikebe cha bati, na kikebe kikaning'inizwa kwa kamba shingoni mwa mwanamume mzima. Juu ya karatasi kulikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Nafasi ya kuachishwa ilijazwa na mwajiri. Asipoijaza, mtu huyo akiondoka shambani alikuwa mtoro mbele ya sheria, na askari yeyote njiani aliweza kumdai karatasi na kumkamata. Waziri akiulizwa kuhusu kipande angeweza kutoa idadi ya walioandikishwa na idadi ya waliofungwa, na kwa mujibu wa kanuni za Bunge akawa amejibu. Lakini uzito wa kipande ulikuwa katika ile nafasi tupu ambayo kalamu ya mwajiri peke yake ndiyo iliyoweza kuijaza, na hakuna jedwali lililokuwa na safu ya jambo hilo.

Mfano mkubwa kuliko yote ni waraka wa kazi wa Oktoba 1919. Gavana Edward Northey aliagiza, na John Ainsworth, Kamishna Mkuu wa Wenyeji, akatia saini, kwamba maofisa wa serikali watumie kila ushawishi halali kuwatoa vijana wakafanye kazi mashambani. Machifu na wazee wasaidie. Wanawake na watoto wanaokaa karibu na mashamba nao wahimizwe. Na machifu waliosaidia na wale wasiosaidia waandikwe majina. Mtu yeyote aliyekulia chini ya chifu anajua "kuhimiza" kwa namna hiyo maana yake ni nini. Chifu aliyejua kwamba jina lake linaandikwa hakuhitaji kuambiwa neno "lazima".

Habari hizo zilifikaje London? Ziliandikwa. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dakta Arthur wa misheni ya Kiskoti, walitoa tamko, na tamko lenyewe linasikitisha ukilisoma leo: walikubali kazi ya shuruti ilimradi iwe wazi kisheria, wakapinga shuruti iliyovaa nguo za ushawishi. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, hakukubali hata nusu hiyo. Alichapisha kijitabu mwaka 1920 akiwaita Waafrika wa Kenya watwana wa Uingereza. Randall Davidson, Askofu Mkuu wa Canterbury, akalibeba jambo hilo, likajadiliwa Bungeni, naye Josiah Wedgwood wa chama cha Leba akaendelea kuhoji mambo ya Kenya. Lord Milner, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, aliutetea waraka ukiwa na marekebisho. Mrithi wake, Winston Churchill, ndiye aliyeagiza Septemba 1921 kwamba maofisa wa serikali wasiwatafutie waajiri binafsi wafanyakazi.

Hapo wasomaji wengi hufunga kitabu wakisema Bunge lilishinda. Mimi nasema tuendelee kusoma. Agizo la Churchill halikugusa kodi ya kibanda na ya kichwa, ambayo mtu aliitafutia fedha shambani kwa mzungu kwa kuwa hakuwa na pa kuipata kwingine. Halikugusa kipande. Halikugusa sheria ya 1918 iliyomtaka skwota, Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la mlowezi, afanye kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kulima kishamba na kuchunga ng'ombe wake juu ya ardhi ambayo, kwa Wanandi na Wakeiyo wengi, ilikuwa malisho ya babu zao. Swali liliziba mlango mmoja katika nyumba yenye milango minne.

Kwa upande wa biashara, reli ya Uasin Gishu inaonyesha kitu kingine. Ilitoka Nakuru, ikapanda Timboroa kwenye kilele cha zaidi ya mita 2,700, ikafika Eldoret mwaka 1924 ikiendelea Uganda. Wakosoaji waliuliza kwa nini ipite kwenye mlima na mashamba ya walowezi, huku mzigo wa mkopo ukiangukia walipa kodi ambao wengi wao walikuwa Waafrika. Waliolisha maswali hayo walikuwa watu waliokuwa ndani ya serikali yenyewe: Norman Leys, daktari, na McGregor Ross, aliyekuwa mkuu wa Kazi za Umma. Swali zuri lilitegemea mtu aliyejua nambari, na nambari zilikuwa na mwenyewe.

Mwaka 1931 mlowezi wa upande wa Turbo alipata dhahabu Kakamega, na walowezi waliobanwa na kuanguka kwa bei za mazao wakamiminika huko. Kakamega ilikuwa hifadhi ya Waafrika. Sheria ya Dhamana ya Ardhi ya 1930 iliahidi kwamba ardhi ya hifadhi ikichukuliwa, ardhi ya thamani sawa itatolewa badala yake. Desemba 1932 sheria ilibadilishwa haraka ili dhahabu isisubiri. Waziri Philip Cunliffe-Lister alihojiwa vikali mwanzoni mwa 1933, hata Lord Lugard, mtawala mkongwe wa makoloni, akilalamika. Mabadiliko yalibaki. Ahadi iliyotolewa kwa maandishi ilidumu miaka miwili.

Halafu ikaja 1942. Japani ilipoteka Asia ya Kusini Mashariki, Uingereza ilipungukiwa na katani na pareto, na serikali ya Kenya ikaruhusu Waafrika waandikishwe kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya watu binafsi. Machi mwaka huo Arthur Creech Jones, mbunge wa Leba ambaye pamoja na Rita Hinden aliendesha ofisi ya Wafabian, wasoshalisti wa Uingereza, iliyokusanya barua kutoka makoloni na kuzigeuza maswali, alisimama Bungeni kupinga. Alijibiwa kwa hoja ya vita. Uandikishaji uliendelea, ukiwa na masharti ya ukaguzi na mshahara. Nalitaja jambo hilo kwa ajili ya kilichofuata: Oktoba 1946 Creech Jones mwenyewe akawa Waziri wa Makoloni. Alihamia upande wa pili wa meza, akasoma majibu yaliyoandaliwa kwa telegramu zilezile. Simtilii shaka nia yake. Namtaja kwa kuwa anathibitisha kwamba kasoro haikuwa tabia ya waziri huyu au yule. Ilikuwa katika njia ambayo ukweli ulilazimika kuipita.

Na mfanyakazi mwenyewe aliuliza wapi? Hakuwa na mbunge. Walowezi walipiga kura ya wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria tangu 1920, na Lord Delamere, kiongozi wao, alikuwa na kiti chake katika Baraza la Malodi. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia Baraza la Nairobi mwaka 1944. Kabla yake njia ilikuwa ileile posta. Julai 1921 mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walituma malalamiko yao London kwa telegramu, wakiiruka ngazi yote ya wilaya, jimbo na Gavana. Miezi minane baadaye alikamatwa, watu waliokusanyika kumdai wakapigwa risasi Machi 16, 1922, naye akahamishiwa Kismayu. Gavana alielewa haraka kuliko wanahistoria wengi kwamba hatari ilikuwa kwenye telegramu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoyaona maswali hayo kuwa maigizo, wala na wanaoyasifu kama dhamiri ya Uingereza. Yalilazimisha utawala kuandika. Bila maswali, maelezo mengi ya mishahara, vifo na adhabu yasingeandikwa. Lakini Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, ikisomwa peke yake inatupa sauti ya mkuu wa wilaya kupitia kinywa cha waziri, na tunaitaja kama ushahidi wa London.

Kuna njia ya kuipima. Sheria ya kipande ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, na kipande ni kumbukumbu ambayo waziri hakuiandika. Historia ya kazi ya Uasin Gishu ingepaswa kuanza na vipande vilivyosalia, kimoja kimoja, kila kimoja kikiwekwa kando ya agizo la Septemba 1921: siku ya kuanza kazi, jina la shamba, mshahara, na ile nafasi ya mwisho, imejazwa au iko tupu.