Mwili wa Mwanamke Tanzania: Kutoka kwa Somo hadi kwenye Picha

Mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham wa kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya ya leo, alimtungia bintiye utenzi wa wosia. Ndani yake anamhimiza ajipambe kwa hina, wanja na manukato ili ampendeze mumewe. Kipimo hicho cha urembo hakikuwa huru, kwani kilimlenga mwanamume. Lakini aliyekitamka alikuwa mama mzazi, na katika unyago alikuwa somo au kungwi: mtu aliyemjua mwari kwa jina na kumsinga liwa kwa mikono yake. Urembo ulikuwa zaidi jambo la kutunza mwili ambao msichana tayari alikuwa nao.

Picha ilipoingia, mambo yaligeuka. Katika miaka ya 1960 wasomaji wa jarida la Drum, Nairobi na Dar es Salaam, walikutana na matangazo ya krimu za kung'arisha ngozi. Sasa msichana aliambiwa kuwa ngozi aliyozaliwa nayo ina kasoro, na kwamba dawa yake inauzwa dukani.

Serikali ya Ujamaa iliona hatari hiyo, ila ilimwadhibu aliyeuziwa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, vimini, mawigi, krimu hizo na suruali za kubana vilipigwa marufuku Dar es Salaam. Hata kabla ya siku hiyo, makundi ya vijana wa kiume yaliwashambulia wanawake Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba, katika miaka hiyohiyo, Wamaasai walishinikizwa waache vazi la lubega na kujipaka ngeu ili waonekane wa kisasa. Binti wa mjini alishtakiwa kwa kuiga Ulaya, na mama wa Kimaasai kwa kubaki na mila yake. Hakuna kati yao aliyeulizwa.

Mashindano ya Miss Tanzania, yaliyozuiwa mwaka 1968, yalirudi mwaka 1994. Yalirudi na kipimo cha wembamba katika nchi ambayo, tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipobainika Kagera mwaka 1983, ilikuwa imejifunza kumtazama mtu aliyekonda kwa hofu. Jukwaani msichana mwembamba alivishwa taji. Mtaani alinong'onewa kuwa anaumwa.

Mtaa haukuacha kusifu umbo namba nane, na wafanyabiashara wakaleta dawa za kukuza makalio. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliweka msingi wa kudhibiti vipodozi vyenye sumu, zikiwemo krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hata hivyo mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu hizo, bado unachanganywa vichochoroni na kunadiwa kwenye simu, na anayeunadi hamfahamu mnunuzi wala hatakuwepo siku ngozi yake itakapoanza kuungua.