DSLR kuukuu au kamera ndogo ya mfukoni: Ipi itamfaa mpiga picha?

KIJANA anayeanza kazi ya kupiga picha za harusi, mahafali na kipaimara kwa kawaida huwa na fedha za kununua kamera moja tu, tena ya mtumba. Muuzaji humwekea mezani mbili. Ya kwanza ni kubwa, nyeusi, ya mwaka 2006, nayo ina megapikseli 6.1. Ya pili inaingia mfukoni mwa koti, ni changa kwa miaka miwili, na ubavuni inajivunia megapikseli 14.7. Kwa hesabu ya dukani, hii ya pili inaizidi mwenzake zaidi ya mara mbili.

Hesabu hiyo imewapoteza wengi. Kamera zenyewe si za kubuni. Ya kwanza ni Nikon D40, iliyotangazwa Novemba 2006, ambayo ni ya aina iitwayo DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha. Ya pili ni Canon PowerShot G10 ya Septemba 2008, kamera ndogo ambayo lenzi yake haivuliwi. Zilipoingia katika soko la Marekani, D40 pamoja na lenzi yake iliuzwa kwa takriban dola 600, na G10 kwa dola 500. Zote mbili ziliacha kutengenezwa zamani, lakini bado zinaonekana kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika.

Beseni na kisoda

Ndani ya kila kamera ya dijitali, mahali ilipokuwa ikikaa filamu, kuna kipande chembamba cha silikoni kiitwacho kihisi. Kihisi ndicho kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme, na umeme huo ndio unaogeuzwa kuwa picha. Pikseli ni vijisehemu vya kihisi hicho, kila kimoja kikipima mwanga ulioangukia juu yake.

Kihisi cha D40 kina upana wa milimita 23.7 na kimo cha milimita 15.6, sawa na eneo la milimita za mraba 370 hivi. Kile cha G10 ni takriban milimita 7.5 kwa 5.6, yaani milimita za mraba 42. Kwa hiyo kamera yenye megapikseli chache ina uwanja wa kupokelea mwanga unaouzidi wa mwenzake karibu mara tisa. Ukigawa eneo hilo kwa idadi ya pikseli, kila pikseli ya D40 ina nafasi ya mara 20 hivi ya pikseli ya G10.

Mtu anaweza kulifikiria jambo hili kwa mfano wa kukinga mvua. Uani pamepangwa mabeseni machache, na kando yake vimepangwa visoda vingi. Ikinyesha mvua ya masika, vyote hujaa na hakuna anayejali tofauti. Ikinyesha ya rasharasha, beseni hupata matone mengi kiasi kwamba tone moja likipungua halionekani, lakini kisoda kimoja hupata matone manne na jirani yake mawili. Katika picha, tofauti hiyo ya bahati huonekana kama chembechembe na madoa ya rangi, hasa kwenye vivuli na kwenye ngozi za watu.

Ukumbi wa harusi usiku ni rasharasha. Taa za rangi, moshi wa jukwaani na bwana harusi aliyevaa suti nyeusi hulazimisha kupandisha ISO, yaani kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga. D40 ikiwekwa ISO 800 hutoa picha safi, na ikifikishwa 1600 chembechembe huonekana lakini nyuso hubaki nyuso. G10 huanza kuchafuka kuanzia 400, na katika 1600 programu iliyo ndani yake hulazimika kupaka rangi juu ya madoa hadi nywele zilizosukwa zinageuka bonge moja.

Canon wenyewe walilikiri jambo hilo kwa vitendo. Agosti 2009 walipotangaza mrithi wake, G11, walipunguza idadi kutoka megapikseli 14.7 hadi 10. Ni nadra kampuni kurudi nyuma katika tarakimu ambayo imekuwa ikiitangaza kwa herufi kubwa.

Hata hivyo, megapikseli si kitu cha kudharauliwa. Picha ya D40 ina pikseli 3008 kwa 2000, ambazo kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi zinatosha karatasi ya sentimita 25 kwa 17. Hiyo ni kubwa kuliko picha nyingi za albamu, ila mteja akitaka bango la ukutani, au akitaka kukata uso mmoja kutoka katika picha ya watu 40, upungufu utaonekana.

Mchana kweupe mambo hubadilika

Mwaka huohuo wa 2008, mpiga picha wa Kanada, Michael Reichmann, mwanzilishi wa tovuti ya Luminous Landscape, aliishindanisha G10 na kamera ya Hasselblad yenye kihisi cha Phase One cha megapikseli 39, mtambo wa maelfu mengi ya dola. Alichapisha picha za mandhari zilizopigwa kwa mwanga mzuri na ISO ya chini, akawaonyesha watu wenye macho ya kazi hiyo. Hawakuweza kuzitofautisha kwa uhakika.

Matokeo hayo yaliwashangaza wengi, lakini hayapingani na yaliyosemwa juu. Mandhari haikimbii, na mvua ilikuwa ya masika. Anayepiga picha za nyumba zinazouzwa, bidhaa za dukani au mashamba mchana, akiituliza kamera yake juu ya mguu wa miti mitatu, hana sababu ya kuionea haya kamera ya mfukoni.

Tatizo la jua la nchi za Afrika Mashariki ni la namna nyingine. Saa saba mchana bibi harusi hutoka kanisani akiwa na gauni jeupe linalong'aa, na uso wake mweusi umefunikwa na kivuli cha shela. Pikseli ndogo hujaa upesi kwenye gauni na kubaki karibu tupu kwenye uso. Mpiga picha hulazimika kuchagua kupoteza nakshi za gauni au kupoteza macho ya bibi harusi, na vyote viwili vimelipiwa. Pikseli kubwa humpa nafasi pana zaidi baina ya ncha hizo mbili, hasa akihifadhi faili ghafi badala ya JPEG. Kamera zote mbili zinaweza kuhifadhi faili hizo.

Hapo D40 ina siri moja ambayo wenye kuijua huipenda: flashi yake hufanya kazi hadi kasi ya 1/500 ya sekunde, wakati DSLR nyingi za baadaye za daraja lake huishia 1/200. Kasi hiyo huwezesha kulipunguza jua la nyuma huku flashi ikimulika uso. Kwa kamera ya kuanzia maisha, si haba.

Kioo, lenzi na mguu wa mtoto

Anayetazama kwenye kidirisha cha DSLR huona kupitia lenzi yenyewe, mwanga ukirushwa juu na kioo. Sehemu ya mwanga huo hupelekwa kwenye vipima maalumu ambavyo huitambua mara moja njia ya kuusogeza ukali wa picha, mbele au nyuma, na kwa kiasi gani. Kamera ndogo za enzi ya G10 hazikuwa na vipima hivyo. Zilisogeza lenzi kidogo, zikalinganisha, zikasogeza tena. Kwa jengo haidhuru. Kwa mtoto anayekimbilia keki, au mshambuliaji anayevuta mguu kupiga penalti, picha hupatikana tukio likiwa limekwisha.

Lakini D40 ina mtego ambao wauzaji wengi hawausemi. Mwili wake hauna mota ya kusogeza lenzi. Lenzi za Nikon zenye alama ya AF-S zina mota yake ndani na hufanya kazi sawasawa. Zile za zamani za AF na AF-D huingia vizuri, hupima mwanga vizuri, lakini mpiga picha atazungusha kwa mkono. Aliyeuziwa lenzi ya milimita 50 ya AF-D kwa bei nafuu hujikuta anahangaika ukumbini. Inayofaa ni AF-S ya milimita 35 f/1.8, iliyotoka mwaka 2009. Tundu lake pana huingiza mwanga karibu mara nne ya lenzi ya kawaida ya 18-55 inayokuja na kamera, na huufifisha ukuta wa nyuma hadi sura ikajitenga.

Ufifishaji huo hauwezekani kwa urahisi kwenye kamera ndogo, kwa kuwa lenzi zake ni fupi mno. Ufupi huohuo una faida yake. Ukipiga picha ya mdudu, cheti au pete, kila kitu huonekana kwa ukali, na G10 huweza kusogea hadi sentimita moja kutoka kwenye kitu. Lenzi yake pia ina kituliza mtikisiko, jambo ambalo lenzi ya kwanza ya D40 haina. Aidha, D40 hairekodi video kabisa, ingawa video ya G10 ya pikseli 640 kwa 480 haitamridhisha mteja wa leo.

Kamera isiyoonekana

Kuna jambo ambalo hakuna jedwali la vipimo linalolieleza. Kamera kubwa hukusanya watu. Sokoni, wauza samaki hunyoosha mgongo na kutengeneza tabasamu, mlinzi huuliza kibali, na watoto hujaa mbele ya lenzi. Msibani au katikati ya mawaidha, mlio wa kioo cha DSLR hugeuza vichwa. G10 hulia kwa sauti ndogo mno, na mwenye kuishika huonekana kama mgeni yeyote wa shughuli. Mwandishi wa habari anayefuatilia jambo nyeti ana kila sababu ya kuitaka.

Uzito nao una neno. D40 bila betri wala lenzi ina gramu 475, na ikivikwa lenzi inapita 650. G10 ina gramu 350, kila kitu kikiwa ndani ila betri. Kamera iliyoachwa nyumbani haipigi picha.

Neno kuukuu lina mpaka

Ushindi wa DSLR ya zamani juu ya kamera ndogo si sheria ya milele. Mwaka 2012 Sony walitoa Cyber-shot RX100, yenye kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8 na megapikseli 20.2. Eneo hilo ni theluthi tu ya lile la D40, lakini teknolojia ya vihisi ilikuwa imesonga mbele miaka sita, na lenzi yake inafunguka hadi f/1.8. Katika ukumbi uleule, mtu akisimama karibu na jukwaa, RX100 itaifikia D40 yenye lenzi ya 18-55 na mara nyingi kuipita. Kinachoikwamisha ni bei, ambayo hata kwa mtumba huwa juu zaidi.

Simu nazo zimeingia katikati. Simu ya kisasa ina kihisi kidogo pia, ila hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, na kwa kitu kilichotulia usiku hushinda kamera zote mbili zinazozungumzwa hapa. Kwa mujibu wa takwimu za chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, CIPA, kamera za dijitali zilizosafirishwa mwaka 2010 zilipita milioni 120, nyingi zikiwa ndogo za mfukoni. Mwaka 2023 zile ndogo hazikufika milioni mbili. Simu haijaweza kuchukua nafasi ya flashi ya nguvu na lenzi ndefu, na hivyo ndivyo vinavyomlipa mpiga picha wa sherehe.

Kwa kijana aliyetajwa mwanzo, basi, kazi ya ukumbini usiku inadai D40, ikiwezekana na ile lenzi ya milimita 35. Anayeandika habari, anayesafiri kwa basi au anayepiga picha za bidhaa mchana asiidharau G10.

Kabla ya kulipa

Mji wa pwani una unyevu unaoleta kuvu ndani ya lenzi. Mnunuzi apitishe mwanga wa tochi ndani ya lenzi na kutafuta nyuzi mithili ya utando wa buibui, kwa kuwa kuvu iliyokwisha kula vioo haiondoki kwa kufuta. Kwa DSLR, apige picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo la f/22. Madoa meusi yatakayoonekana ni vumbi juu ya kihisi. D40 haina mfumo wa kujisafisha, lakini fundi huweza kulitoa. Vumbi likiingia ndani ya G10, sharti kamera ifunguliwe yote.

Kamera ndogo iwashwe na kuzimwa mara kumi, lenzi ikitoka na kurudi bila kukwaruza, maana punje ya mchanga inatosha kuikwamisha. Kwa D40, aombe faili ya picha iliyopigwa palepale na kuisoma kwa programu inayoonyesha idadi ya picha ambazo kamera imekwisha kupiga. Betri zake ni EN-EL9, na za G10 ni NB-7L. Ahakikishe mjini kwake zinapatikana.

Mwisho, aende dukani na kadi yake ya kumbukumbu ya GB 32 au chini ya hapo. Kamera zote mbili zilitengenezwa kabla ya kadi za SDXC, na muuzaji akichomeka ya GB 64 zinaweza kuikataa, mteja akaondoka akiamini ameonyeshwa kamera mbovu.