Mageuko ya Viumbe na Makusudi ya Mungu

Vijana wetu hufundishwa shuleni mageuko ya viumbe, na kila Dominika hukiri kwamba Mungu ndiye Mwumba. Baadhi yao hudhani ni lazima waache mojawapo. Mama Kanisa hadai hivyo. Mwaka 1950, katika waraka Humani generis, Papa Pio XII aliwaruhusu wataalamu kuchunguza kama mwili wa mwanadamu ulitokana na viumbe vilivyotangulia, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu.

Nchini Marekani limeenea fundisho liitwalo Usanifu wenye Akili. Watetezi wake husema viungo fulani vimetatanika mno hata visingeweza kutokea hatua kwa hatua. Kwa hiyo yuko Msanifu aliyeviunda. Tarehe 20 Desemba 2005, mahakama ya shirikisho huko Pennsylvania iliamua kwamba fundisho hilo si sayansi. Nasi twaona hatari nyingine ndani yake: humtafuta Mungu katika mapengo ya ujuzi wetu, na pengo likizibwa, imani hutikisika. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha vema zaidi: Mungu, aliye sababu ya kwanza, hutenda ndani ya sababu za pili na kwa njia yake (taz. KKK 308).

Tutazame mfano ulio karibu nasi, yaani ugonjwa wa selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionesha kwamba aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Ndiyo sababu jeni hiyo imedumu katika nchi zetu. Lakini mtoto anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Je, tuseme Msanifu alibuni maumivu yake?

Mama anayemuuguza mtoto huyo huuliza, “Kwa nini mwanangu?” Sayansi imemweleza jinsi ugonjwa ulivyotokea, lakini makusudi ya maisha ya mwanawe hayaonekani kwa hadubini. Kwa hiyo mwanasayansi anayetamka kwamba maisha hayo hayana makusudi amevuka mpaka wa elimu yake. Vivyo hivyo amekosea Mkristo anayemwambia mama huyo kwamba anaadhibiwa, kwa maana Bwana wetu alikataa hukumu ya namna hiyo juu ya kipofu tangu kuzaliwa (Yn 9:1-3).

Basi, wachumba wapime damu kabla ya ndoa, na wagonjwa wapelekwe kliniki, kwa kuwa tiba nayo ni sababu ya pili mkononi mwa Mungu. Na tunapokosa jibu, tukae karibu na mama huyo, kama Bikira Maria alivyosimama chini ya Msalaba.