Kisu cha Kipandauso

Maradhi tunayoyaita kipandauso, ambayo Waarabu huyaita shakika kwa kuwa aghalabu hukipasua kichwa nusu kwa nusu, yamewatia matabibu tamaa ya kushika kisu tangu zamani za kale. Na mkono wao, kama ule wa mgonjwa mwenyewe, huanzia panjani.

Az-Zahrawi, tabibu mashuhuri wa Kurtuba katika Andalusi ya karne ya 10, ameeleza katika kitabu chake Al-Tasrif, chenye juzuu 30, namna ya kuichanja ngozi ya panja, kuipanua nafasi chini yake, na kulipachika humo tumba la kitunguu saumu lililomenywa na kukatwa ncha zote mbili, kisha kufunga barabara kwa muda wa saa 15. Likishatolewa, jeraha huachwa siku mbili tatu, ndipo likawekwa pamba iliyochovywa samli mpaka litunge usaha. Chuma cha moto nacho hakikukosekana kitabuni humo, wala kuukata mshipa wa damu wa panjani, tiba ambayo hata Ambroise Paré wa Ufaransa, karne sita baadaye, hakuidharau.

Zama zetu jambo lilirudi kwa sadfa. Bahman Guyuron, mpasuaji wa Cleveland, Marekani, aliyekuwa akiwaondolea watu makunyanzi ya paji la uso, aliambiwa na baadhi yao kwamba pamoja na makunyanzi hata kichwa kimeondoka. Naye mwaka 2000 akaandika kuwa huenda misuli ya baina ya nyusi huibana mishipa ya fahamu. Mwaka 2009 akatoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 75: 49 walipasuliwa kwelikweli, na 26 wakachanjwa tu, misuli yao isikatwe. Baada ya mwaka mmoja, 28 katika wale wa kwanza walikuwa wamepona kabisa, na katika wale wa pili mmoja tu.

Lakini katika hao 26, 15 walipata nafuu ya nusu au zaidi, na hesabu hii ndiyo inayonishughulisha, maana watu hao wangalitibiwa Kurtuba, bila shaka wangalirudi makwao wakikisifu kitunguu saumu.

Mwaka 2013 chama cha matabibu wa maumivu ya kichwa cha Marekani kiliwaasa wenzao wasiwapeleke wagonjwa kwenye kisu hicho ila ndani ya utafiti. Wapasuaji wanaoifuata njia ya Guyuron, hata hivyo, wanaendelea kupasua.