Mtoto akitajwa, nani anamsemea?

Leo tunarudi kwenye historia ya nchi hii iliyotupokea, maana kuna swali linatugusa sisi wenyewe: kijana mdogo akisingiziwa kosa kubwa, nani anasimama upande wake?

Mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliposimamishwa, Rwanda ilidai haki, na ilikuwa na kila sababu. Watu walikuwa wameuawa na majirani zao. Lakini mahakama zenyewe zilikuwa zimebomoka: majaji na mawakili wengi walikuwa wameuawa, wengine wamekimbia. Kukamata kukaenda mbio kuliko kuhukumu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magereza yalikuwa na watu zaidi ya 100,000. Hapa Kigali, gereza kuu ambalo wazee wanaliita 1930 lilijaa pomoni.

Humo magerezani kulikuwa na watoto pia. Takribani watu 5,000 walikamatwa kwa makosa waliyodaiwa kuyafanya kabla ya kufikisha miaka 18. Wengine walikuwa na hatia kweli, tusidanganyane. Ila wengine walitajwa tu. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika jinsi neno la mtu mmoja lilivyotosha kumpeleka mtu ndani, na jinsi ugomvi wa shamba au nyumba ulivyogeuka mashtaka.

Sheria ilikuwepo. Aliyekuwa chini ya miaka 14 hakupaswa kuhukumiwa. Wa miaka 14 hadi 18 alipunguziwa adhabu. Lakini umri unauthibitishaje kama karatasi zimepotea na wazazi hawapo? Baadhi ya wale waliokuwa chini ya miaka 14 waliachiwa mwaka 2000 na 2001 tu, baada ya kupitishwa kwenye vituo vya mafunzo. Wakubwa wao kidogo, wengi walisubiri mpaka tangazo la rais la Januari 2003. Yaani waliingia watoto, wakatoka watu wazima.

Na wakili je, yule tunayemwita avoka? Sheria ya tarehe 30 Agosti 1996 ilimpa mshtakiwa haki ya kuwa naye, ila si kwa pesa ya serikali. Kesi zikaanza Desemba mwaka huo huo, wakati chama cha mawakili cha Kigali hakijaundwa bado, kiliundwa 1997. Shirika la Avocats Sans Frontières likaleta mawakili kutoka nje. Hao walitetea washtakiwa, na pia walisimama na manusura. Hapo ndo kuna somo kubwa: kumtetea anayeshtakiwa si kumsaliti aliyeumizwa. Akifungwa asiyehusika, muuaji anabaki nje anakunywa chai.

Baadaye zikaja gacaca, zilizofungwa rasmi Juni 2012. Kule hakukuwa na avoka kabisa. Utetezi ulikuwa jirani mwenye moyo wa kusimama mbele ya watu na kusema: siku ile huyu alikuwa kwetu, nilimwona. Jirani akiogopa, basi.

Leo mambo yamebadilika. Mtoto anayeshtakiwa Rwanda lazima awe na wakili, na kila wilaya ina ofisi ya MAJ inayotoa msaada wa sheria bure. Lakini sisi wakimbizi bado ni rahisi kutajwa, maana mtaani wengi hawatujui.

Kwa hiyo vijana wenzetu, tunzeni karatasi zenye tarehe ya kuzaliwa, na nakala mumwachie mtu mnayemwamini. Nanyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, mkisikia kijana wetu kakamatwa, kabla ya kuuliza kama kafanya, ulizeni haya matatu: ana miaka mingapi, siku ile alikuwa wapi na nani alimwona, na avoka wake ni nani. Muulize siku hiyo hiyo. Wale wa 1994 walichelewa kuulizwa, na miaka yao hakuna aliyeirudisha.