Kengele, Dainamo na Tenga: Historia ya Vifaa vya Usalama wa Baiskeli Mwigobero

Mwigobero, kata ya Manispaa ya Musoma iliyo kando ya Ziwa Victoria, inajulikana zaidi kwa mwalo wake, yaani sehemu ya ufukwe ambapo mitumbwi na maboti hutia nanga, hushusha samaki na kupakia abiria wanaovuka Ghuba ya Mara kwenda Kinesi, upande wa Rorya. Biashara ya mwalo haiishii majini, kwa kuwa kila kinachoshushwa lazima kipate namna ya kufika Nyasho, Bweri na vijiji vya Butiama, na kwa miongo mingi ya karne ya 20 namna hiyo ilikuwa keria ya baiskeli. Historia ya vifaa vilivyobuniwa kumlinda mwendesha baiskeli, kuanzia kengele hadi taa ya dainamo, ikitazamwa kutoka ufukwe huu inaonyesha jambo ambalo wabunifu wa Ulaya hawakuwa na sababu ya kulifikiria: vifaa hivyo vilikusudiwa kwa mtu aliyepanda peke yake, bila mzigo, katika nchi ambayo jua likizama mwanga huchelewa kuondoka.

Baiskeli yenyewe, kwa umbo lake la leo, ilianza kama hatua ya kupunguza ajali. Kabla ya John Kemp Starley wa Coventry kutoa baiskeli yake iitwayo Rover mwaka 1885, Waingereza wengi walipanda mashine zenye gurudumu kubwa la mbele, ambazo ziliweza kumrusha mpandaji kichwa mbele gurudumu lilipogonga jiwe. Starley aliyafanya magurudumu yakaribiane ukubwa, akalisukuma lile la nyuma kwa mnyororo, na aina hiyo mpya ikauzwa kwa jina la baiskeli ya usalama. Miaka 3 baadaye, John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo, na mwaka huohuo wa 1888 sheria ya serikali za mitaa ya Uingereza ikaihesabu baiskeli kuwa chombo cha usafiri, ikimtaka mwenye nayo apige kengele anapompita mtu na awashe taa kuanzia saa moja baada ya jua kuzama hadi saa moja kabla ya kuchomoza.

Kipimo hicho cha saa moja kinastahili kutazamwa kwa makini. Uingereza iko mbali na Ikweta, hivyo baada ya jua kuzama mwanga wa jioni hukawia, na mwendesha baiskeli wa huko aliweza kutumia muda huo wa nyongeza akiwa bado anaonekana. Musoma iko takriban nyuzi moja na nusu tu kusini mwa Ikweta, mahali ambapo jua huzama karibu wima na magharibi hudumu dakika 20 hivi kabla giza halijashika kabisa, mwaka mzima. Mtu aliyengoja saa nzima baada ya machweo ndipo awashe taa kwenye barabara itokayo Mwigobero angekuwa amekwisha kusafiri gizani kwa zaidi ya nusu saa, na hiyo ndiyo nusu saa ambayo barabara hujaa watu wanaorudi nyumbani.

Baiskeli zilifika katika mji huu pamoja na bidhaa nyingine za meli. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, bandari za ziwa zikiwamo Musoma ziliunganishwa na pwani kwa reli na meli, na maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi yakawa mahali pa kununua baiskeli nyeusi za Kiingereza, hasa Raleigh ya Nottingham. Mwanzoni zilikuwa za wamisionari, makarani na watu wa serikali. Pamba ndiyo iliyozishusha hadi kwa mkulima: katika miaka ya 1950, wakati vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa vilipoungana mwaka 1955 katika shirikisho lililojulikana kwa kifupi kama VFCU, msimu mzuri wa mauzo ulimpa mkulima wa Bunda au Majita uwezo wa kununua baiskeli, ambayo pamoja na bati la kuezekea ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa.

Baiskeli hizo ziliuzwa zikiwa na kengele kwenye usukani na, kwa aliyemudu, dainamo. Hiki ni kifaa chenye umbo la chupa ndogo ambacho hubanwa kwenye uma, kikiwa na kichwa kinachosuguliwa na ubavu wa tairi, na ndani yake sumaku huzungushwa karibu na waya uliosokotwa ili kutoa umeme wa volti 6 na nguvu ya wati 3, unaotosha taa ya mbele na ile nyekundu ya nyuma. Ubora wake ulikuwa kwamba hakikuhitaji betri, na hilo halikuwa jambo dogo mahali ambapo betri zilikuwa ghali na mara nyingi hazipatikani. Ubovu wake ulitokana na ubora huohuo. Mwanga ulitegemea mwendo, ukawa mkali kwenye mteremko, hafifu kwenye mlima, na ukazimika kabisa mpandaji aliposimama au aliposhuka kusukuma. Mchuuzi aliyefunga matenga mawili ya samaki hushuka kusukuma mara nyingi, tena kwenye vilima, na hapo ndipo dereva wa lori linalotoka nyuma anapopaswa kumwona. Isitoshe, mvua ikinyesha kichwa cha dainamo huteleza kwenye tairi, hasa tairi lililokwisha meno, na hata pakiwa pakavu msuguano wake huongeza uzito wa kukanyaga kwa mtu ambaye tayari amebeba kupita kiasi. Wengi waliikunja dainamo isiguse tairi. Kuwalaumu kwa uzembe, kama ilivyozoeleka kufanywa, ni kusahau kwamba walikuwa wanahesabu nguvu zao wenyewe.

Kifaa kingine kilikuwa kiakisi mwanga, ambacho mafundi wa baiskeli hukiita rifleta, yaani kipande cha kioo au plastiki chenye vipembe vingi vidogo vinavyorudisha mwanga wa taa za gari kule ulikotoka badala ya kuutawanya. Uingereza, kabla na wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilitaka pia madigadi ya nyuma yapakwe rangi nyeupe sehemu ya chini, na mtindo huo ukaigwa na viwanda vya Hero vya Ludhiana na vya Phoenix vya Shanghai, ambavyo baiskeli zake zilienea Tanzania. Rifleta na rangi nyeupe vyote viliwekwa nyuma ya keria au chini yake. Gunia la mkaa, tenga la sangara au kreti za soda zikifungwa hapo, huvuka pande zote na kuvifunika, kiasi kwamba baiskeli iliyokuwa na kila kitu kilichotakiwa na sheria huonekana kwa dereva kama gunia jeusi lisilo na mwenyewe.

Baada ya uhuru Serikali ilijaribu kuondoa utegemezi wa baiskeli za nje, na kampuni ya umma ya NABICO ikatengeneza baiskeli ya Swala jijini Dar es Salaam. Lakini uhaba wa fedha za kigeni, uliozidishwa na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, ulifanya tairi na tyubu kuwa vitu vya kutafutwa kwa foleni, na mtu asiyepata tairi hana sababu ya kuhangaikia balbu. Sheria ya Usalama Barabarani ilikuwa imekwisha kutungwa mwaka 1973. Vipuri vya kuitii ndivyo vilivyokosekana madukani.

Katika kipindi hichohicho kulistawi kifaa ambacho hakikutokana na sheria yoyote. Ni kipande cha mpira kinachoning'inia chini ya madigadi ya nyuma, kilichokusudiwa kuzuia tope, ambacho wenye baiskeli walikipamba kwa maneno na kwa rifleta ndogo za rangi nyekundu na njano. Kwa kuwa huning'inia chini ya mzigo, rifleta zake hubaki wazi hata keria ikijaa, na kwa kuwa huyumba kila baiskeli inapotikisika, mng'ao wake huvuta jicho la dereva. Pambo hilo la kijana anayependa kujionyesha lilifanya kazi ya usalama kuliko kifaa rasmi kilichokaa futi moja juu yake.

Biashara ya samaki ilipopanuka kwa ujio wa sangara na viwanda vya minofu katika miji ya ziwa, na dagaa nao wakawa bidhaa ya kupelekwa mbali, saa za mchuuzi zilizidi kusogea gizani. Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwa huvutwa na mwanga wa karabai, taa ya mafuta ya taa yenye pampu, ambayo sasa nafasi yake inachukuliwa na taa za betri na za nishati ya jua. Hivyo ujuzi wa kubeba mwanga usiku ulikuwapo mwaloni siku zote, lakini ulibaki mtumbwini, kwani taa ya mvuvi inamletea samaki na kujilipia gharama yake, ilhali taa ya mchuuzi haimwongezei hata shilingi moja.

Tangu miaka ya 2000 pikipiki za bodaboda zimechukua abiria na sehemu ya mizigo, na huko Ulaya ubunifu umeelekea kwingine: kampuni ya Kisweden iliuza kola iitwayo Hövding, inayofumuka kuwa mfuko wa hewa kuzunguka kichwa mpandaji anapoanguka, kabla ya kampuni hiyo kufilisika mwaka 2023, na London baiskeli za kukodi zilifungwa taa inayochora mfano wa baiskeli kwa mwanga wa kijani barabarani mbele ya mpandaji. Ni vifaa vya akili kubwa, lakini vyote viwili bado vinamfikiria mtu asiye na tenga.

Kifaa kipya kinachoifaa Mwigobero kinapaswa kuanzia kwenye mzigo. Kila mchuuzi hufunga shehena yake kwa mipira mirefu iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, na mpira wa mwisho ndio unaokuwa nje ya kila kitu, ukizunguka gunia kutoka ubavu hadi ubavu. Utepe unaoakisi mwanga, wa aina ile inayobandikwa kwenye mabodi ya malori, ukishonewa kwenye mpira huo utaonekana kwa nyuma na kwa pembeni, hautahitaji betri wala mwendo, utamwonyesha dereva upana halisi wa mzigo, na hautasahaulika nyumbani, kwa sababu bila mpira mzigo haufungiki. Mafundi wa baiskeli wa Musoma wana mipira, wana sindano za kushonea, na utepe unauzwa kwa mita katika maduka ya vipuri vya magari. Halmashauri inayotaka kupunguza vifo vya waendesha baiskeli gizani ianze kwa kuununua na kuugawa hapohapo mwaloni, kabla wachuuzi hawajaondoka na samaki.