Jasho la Jackie: Historia ya Kibali cha Mtoto Msanii

Machozi yanayoonekana katika filamu ya The Kid ya mwaka 1921 hayakuwa ya kuigiza. Charlie Chaplin alisimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba siku hiyo Jackie Coogan, mtoto wa miaka 5 hivi, alikuwa mchangamfu mno na kila mbinu ya kumliza ilishindikana. Baba yake, naye mchezaji wa majukwaani, akasema kazi hiyo aachiwe yeye. Muda si muda mtoto alikuwa akilia kwa kwikwi, na picha ikapigwa. Chaplin alipotaka kujua kilichofanyika, baba alijibu kwamba alimwambia mwanawe asipolia ataondolewa studio na kupelekwa kwenye nyumba ya maskini, ile ya kweli.

Leo California tendo kama hilo lingemkuta mwalimu wa studio amesimama pembeni, akiwa na mamlaka ya kumtoa mtoto kazini papo hapo. Mwalimu huyo hakuzuka tu. Nyuma yake kuna zaidi ya miaka 100 ya mabishano, na Jackie mwenyewe ana sehemu kubwa katika mabishano hayo.

Yalianza kwa kishindo London. Katika karne ya 19 kila msimu wa Krismasi kumbi za maonyesho zilijaza jukwaa watoto wadogo waliovalishwa kama malaika, vipepeo na majini. Walicheza hadi usiku, kisha wakarudi kwao gizani. Mwaka 1879 Bunge liliwapiga marufuku watoto wa chini ya miaka 14 kushiriki michezo ya hatari kama sarakasi. Miaka 10 baadaye ikaja sheria ya kuzuia ukatili kwa watoto: wa chini ya miaka 7 hawakuruhusiwa tena jukwaani, na kuanzia 7 hadi 10 walihitaji kibali cha hakimu.

Millicent Fawcett, ambaye baadaye aliongoza madai ya wanawake kupiga kura, alikuwa miongoni mwa waliotaka watoto hao wawe darasani. Upande wa pili alisimama Lewis Carroll, mwandishi wa hadithi za Alice, aliyeandika magazetini kuwatetea watoto wa jukwaani akisema wana afya na wanaipenda kazi yao. Wote wawili waliwajali watoto. Lakini tazama alichotakiwa hakimu kukipima kabla ya kutoa kibali: je, mtoto anafaa kwa kazi hiyo, je, afya yake italindwa, je, atatendewa kwa upole? Ujira unaingia mfukoni mwa nani, sheria haikuuliza.

New York nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Chama cha kuzuia ukatili kwa watoto, kikiongozwa na mwanasheria Elbridge Gerry, kiliwaandama wenye kumbi na wazazi bila kuchoka. Familia ya Buster Keaton ilivutana nacho kwa miaka, kwa kuwa mchezo wao ulikuwa wa baba kumrusha mwanawe huku na huku jukwaani, na baba huyo hakusita kumtangaza kuwa ana umri mkubwa kuliko wake. Ugomvi ulihusu mifupa ya mtoto na umri wake. Fedha hazikutajwa.

Turudi kwa Jackie. Baada ya The Kid alikuwa miongoni mwa watu maarufu kuliko wote duniani. Sura yake iliuza wanasesere, filimbi na hata siagi ya karanga. Mwaka 1924 alizunguka Marekani na Ulaya kuwachangishia yatima wa Mashariki ya Karibu, na Papa Pius XI akampokea. Mtoto huyo aliyekuwa akiingiza mamilioni alipewa dola 6.25 kwa wiki za matumizi yake.

Mei 1935 baba alifariki katika ajali ya gari ambayo Jackie pekee alitoka akiwa hai. Miezi mitano baadaye alitimiza miaka 21, umri wa kupokea mali yake, na hakupokea kitu. Mama baadaye aliolewa na Arthur Bernstein, meneja wa fedha za familia, na msimamo wa wawili hao ulikuwa kwamba kijana hadai chochote. Kisheria walikuwa na pa kusimamia. California ya wakati ule ilihesabu kipato cha mtoto kuwa mali ya mzazi, kama vile mavuno ya shamba ambalo mtoto amelilima pamoja na wakubwa. Sheria hiyo ililingana na maisha ya familia za wakulima, nayo ikatumika kwa mtoto aliyelisha studio nzima.

Aprili 1938 Jackie alimshtaki mama yake mzazi. Sijui kama kuna kesi chungu kuliko hiyo. Kipato chake kilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 3 na 4. Walipopatana mwaka 1939, sehemu aliyoambulia ilikuwa takribani dola 126,000. Chaplin, alipoombwa msaada, alimpa dola 1,000.

Mwaka huo huo California ilipitisha sheria ambayo hadi leo watu wanaiita Sheria ya Coogan. Kwa mara ya kwanza jaji aliweza kuagiza sehemu ya mapato ya mtoto iwekwe kando, hadi nusu yake. Aliweza, lakini hakulazimika. Zaidi ya hapo, sheria iligusa tu mikataba iliyopelekwa mahakamani. Studio zilikwenda mahakamani kwa manufaa yao, kwa sababu mtoto ana haki ya kujitoa katika mkataba aliosaini akiwa mdogo, na muhuri wa jaji ulimfunga. Mfumo wa mikataba mirefu ulipokufa na watoto wakaanza kulipwa kwa siku au kwa tangazo moja, hapakuwa na sababu ya kumwona jaji. Shirley Temple aliandika mwaka 1988 kwamba katika zaidi ya dola milioni 3 alizochuma utotoni, alizozikuta ukubwani zilikuwa kama 44,000.

Mwanya huo ulikaa wazi kwa miaka 60. Aliyesukuma uzibwe ni Paul Petersen, naye aliyekulia mbele ya kamera za televisheni, ambaye mwaka 1990 aliunda shirika la A Minor Consideration kuwatetea wasanii watoto. Tangu Januari 1, 2000, kila mwajiri California lazima apeleke asilimia 15 ya malipo ya mtoto katika akaunti ya amana, na kipato chote ni mali ya mtoto mwenyewe.

Kibali chenyewe hutolewa na ofisi ya kazi na hudumu miezi 6. Shule huandika kama mtoto anafanya vizuri. Mtoto wa miaka 6 hadi 8 anaweza kukaa mahali pa kazi saa 8: saa 4 za kazi, 3 za masomo, 1 ya kupumzika. Kichanga cha chini ya miezi 6 hakifanyi kazi zaidi ya dakika 20 kwa siku, na mwanga mkali usikipige zaidi ya sekunde 30 kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana watayarishaji hupenda mapacha. Katika tamthilia ya Full House iliyoanza mwaka 1987, mtoto mmoja alichezwa na Mary-Kate na Ashley Olsen kwa kupokezana.

Usiku wa Julai 23, 1982, saa nane na ushei, helikopta iliangukia eneo la kupigia filamu ya Twilight Zone na kumuua mwigizaji Vic Morrow pamoja na watoto wawili. Watoto hao hawakuwa na kibali, na walilipwa kwa siri. Mwongozaji na wenzake walishtakiwa, na mwaka 1987 wakaachiwa huru. Anayekiona kibali kuwa usumbufu wa makaratasi aikumbuke saa hiyo: hakuna ofisa ambaye angeruhusu watoto wadogo wafanye kazi usiku wa manane chini ya helikopta.

Sasa jukwaa limehamia sebuleni, na mwajiri ni mzazi mwenye simu. Ufaransa ilitunga sheria ya watoto wa mitandaoni mwaka 2020. Illinois ikafuata, na tangu Julai 2024 mzazi anayemtumia mtoto wake katika sehemu kubwa ya video zinazolipa hana budi kumwekea fedha. Septemba 2024 California nayo iliwaingiza watoto hao katika kinga ya Coogan.

Kwetu mlango wa kisheria upo tayari. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaruhusu vibali vya sanaa kwa mtoto mmoja mmoja, vyenye saa na masharti. Kenya iliuridhia mwaka 1979, Tanzania 1998, Uganda 2003. Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi na tangu 2004 ina kanuni maalumu za wasanii watoto.

Uganda iliyaonja mabishano hayo Waziri Florence Nakiwala Kiyingi alipotaka mwanamuziki wa shule ya msingi, Fresh Kid, aache muziki asome. Mashabiki walikuja juu, na hatimaye ikakubalika kwamba shule itangulie, muziki usubiri wikendi na likizo. Makubaliano mazuri. Ila mjadala uliotawala ulikuwa ule ule wa London ya 1889, yaani saa na darasa.

Mtoto anayetuzwa kwenye harusi, anayeigiza tangazo la sabuni au anayechekesha kwenye video ya mama yake anafanya kazi, na kazi ina ujira. Benki zetu zina akaunti za watoto. Kinachokosekana ni sharti kwamba mkataba usisainiwe, na kamera isiwashwe, mpaka namba ya akaunti hiyo iwe imeandikwa kwenye karatasi.